"Mwalimu, tunajuaje?" Barua ya wazi kwa mnaosimamia maafa na hali ya hewa nchini

Kwa Waheshimiwa mlio katika usimamizi wa maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu. Wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wakuu wa mikoa na wilaya. Na wajumbe wa kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa.

YAH: OMBI LA DAFTARI LA MAAFA LILILO WAZI KWA KILA MWANANCHI

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Nimezaliwa Rufiji, upande wa Utete, na ndugu zangu wengi bado wako bondeni. Nawaandikia kwa sababu ya swali nililoulizwa darasani Aprili 2024, ambalo mpaka leo sijalijibu kwa namna inayoniridhisha.

Wakati ule Rufiji na Kibiti zilikuwa zimefunikwa na maji. Kila asubuhi wanafunzi walikuja wakisimulia picha walizoziona kwenye simu za wazazi wao: mapaa yanayochungulia juu ya maji, migomba iliyozama hadi shingoni, watu wakipiga kasia juu ya yaliyokuwa mashamba ya mahindi. Miezi minne tu kabla ya hapo ilikuwa Katesh, chini ya Mlima Hanang, ambako tope lilifukia watu. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye shangazi yake anaishi Mohoro, akanyoosha mkono. "Mwalimu, haya mambo yalikuwepo tangu zamani ila watu hawakuyasikia, au kweli yanaongezeka?"

Nikamjibu upesi, kama tunavyojibu wengi, kwamba yanaongezeka, tabianchi imebadilika. Akauliza tena, kwa adabu kabisa: "Tunajuaje?"

Waheshimiwa, nilisimama pale na chaki mkononi. Takwimu za dunia nilikuwa nazo. Za Rufiji sikuwa nazo. Za kata ambayo shule yetu imo, ambako kila mwaka maji huingia madarasani, sikuwa nazo kabisa. Kengele ikalia, nikaokolewa na kengele, na nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ambayo mwalimu yeyote anaielewa.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata. Naomba niwaeleze ninachowaambia wanafunzi sasa, ili mwone jibu linapofikia na linapokatikia.

Ninaanza na dunia. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa hesabu kwamba kati ya 1970 na 2019 yameorodheshwa maafa zaidi ya 11,000 yatokanayo na hali ya hewa, maji na tabianchi, na kwamba idadi yake iliongezeka mara tano katika miaka hiyo 50. Ukiishia hapo, swali limekwisha. Lakini hesabu hiyo imetoka kwenye daftari linalotunzwa Ubelgiji, katika chuo kikuu cha Louvain, na daftari lenyewe lilianzishwa mwaka 1988. Yaliyotangulia yaliingizwa baadaye, kwa kupekua kumbukumbu. Ili tukio liandikwe humo, lazima liwe limeua watu 10 au zaidi, au limegusa watu 100 au zaidi, au nchi imetangaza hali ya dharura, au imeomba msaada wa nje. Sasa, mwaka 1970 ni nani aliyekuwa akihesabu nyumba zilizoondoka na maji Kilombero? Habari ilitembea kwa miguu mpaka kwa katibu tarafa, ikaingia kwenye faili, faili likaliwa na mchwa. Leo kijana mwenye simu anairusha kabla maji hayajapungua. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko lile inatokana na masikio ya dunia kusikia zaidi kuliko zamani, na Shirika lenyewe linakiri hivyo.

Matetemeko ya ardhi yananisaidia kulifundisha jambo hili, kwa kuwa hayatokani na joto la hewa. Tangu mwaka 1900 dunia hupata kwa wastani matetemeko kama 16 kwa mwaka yenye ukubwa wa 7 na kuendelea, na wastani huo haujapanda. Vilivyoongezeka ni vituo vya kuyapima, na kuta zinazoweza kumwangukia mtu. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Wahaya wa enzi za nyumba za msonge, zilizoezekwa kwa nyasi kuanzia juu hadi chini, huenda wangetoka nje, wakatazamana, wakarudi kulala.

Mvua ni habari nyingine, na hapa sitaki mtu ayatumie maneno yangu kujifariji. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, uwezo wake wa kubeba mvuke wa maji huongezeka kwa takriban asilimia 7. Dunia imeshaongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi moja tangu karne ya 19. Mvuke ule ukishuka, hushuka kwa wingi na kwa muda mfupi, ndiyo maana hata mwaka ambao jumla ya mvua ni ya kawaida unaweza kuwa na siku mbili zisizosahaulika. Vuli ya 2023 ilitukuta na mambo mawili kwa pamoja: El Nino, yaani maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, na Bahari ya Hindi kupata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia. Bahari ikikaa hivyo, vuli yetu huwa nzito. Ilikaa hivyo mwaka 1961, mwaka wa mvua ambazo majirani zetu wa Kenya waliziita mafuriko ya uhuru, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata. Ilikaa hivyo 1997. Ilikaa hivyo 2019. Kwa maana hiyo mvua ya namna ile si ngeni kwetu. Lakini wanasayansi wa kimataifa walioichambua vuli ya 2023 walikuta kwamba joto lililosababishwa na binadamu liliizidishia mvua ile nguvu, hadi kufikia mara mbili. Na kabla ya mvua hizo, kaskazini mwetu, kutoka Somalia hadi Kenya na kusini mwa Ethiopia, misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo tangu 2020. Hata Longido na Simanjiro wafugaji walihesabu mizoga.

Tena kuna jambo linalowachanganya wanafunzi wangu, nami huwaacha wachanganyikiwe kidogo kwa makusudi. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mvua za masika zilipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu 2010, wakati ambapo mahesabu ya wataalamu wa tabianchi yalitabiri zitaongezeka. Mbingu hazifuati kitabu cha kiada. Ndiyo maana tunahitaji kupima, na kupima kwa miaka mingi, kabla hatujasema neno.

Vimbunga ndivyo vilivyonifungua macho kuhusu ugumu wa swali la yule binti. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha meli na majahazi bandarini pamoja na zile za Sultani Barghash, kikang'oa mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika, na tangu hapo karafuu ikawa na makao yake Pemba. Aprili 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi. Mwaka 2019 Kenneth kilipita kusini kidogo ya mpaka wetu na kuingia Cabo Delgado, majuma machache baada ya Idai kuivuruga Beira. Mwaka 2021 Jobo kilikuja kikielekea kwetu, kikafifia. Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia na pwani ya kusini. Mtu akiitazama orodha hii atasema: vimekaribiana, vinaongezeka. Inawezekana. Lakini kabla ya setilaiti, kimbunga kilichofia baharini kilijulikana na nani? Na wale wa jahazi waliokiona, wangapi walirudi kusimulia? Matukio matano katika miaka 150 hayawezi kumwambia mtu mwelekeo. Ni machache mno. Nashangaa nilifundisha miaka yote hiyo bila kuliona jambo hilo.

Na maafa yetu makubwa yote yako hivyo. Kilosa mwishoni mwa 2009, Mto Mkondoa ulipovunja tuta lililojengwa enzi za mkoloni. Dar es Salaam Desemba 2011, zaidi ya watu 40 wakafa. Magole na Dakawa Januari 2014. Hanang alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mlima uliposhusha tope, mawe na magogo juu ya watu waliokuwa bado vitandani, na tukawazika ndugu 89. Kila moja lina sura yake, mahali pake, sababu zake. Ukiyapanga mstari mmoja unapata huzuni, hupati hesabu.

Hesabu iko kwenye madogo. Ukuta ulioanguka usiku kwenye nyumba ya wapangaji sita. Choo cha shimo kilichotitia. Kalavati lililoziba, maji yakapita sebuleni. Mtoto aliyeteleza kwenye mtaro akitoka dukani kununua sukari. Ekari mbili za mpunga zilizolala. Matukio haya hayafikii watu 10, wala 100, kwa hiyo Louvain hawayajui. Hayafiki gazetini. Mwenyekiti wa mtaa anafika, anatoa pole, anachangisha, anaondoka. Kumbe ni haya, yanayotokea kila msimu katika kila kata, ambayo yangetuonyesha ndani ya miaka kumi tu kama mvua ya leo inabomoa zaidi kuliko ya jana, na inabomoa wapi. Tunakesha kwenye msiba mkubwa, na dalili zake zote tulizipita njiani.

Baada ya siku ile darasani niliandika barua kwenye ofisi moja ya umma kuomba takwimu za mvua za Utete na za eneo la shule yetu, za miaka yote iliyopo, kwa ajili ya kufundishia. Nilielekezwa meza nyingine. Meza ile ikataka barua kutoka ofisi ya tatu. Ofisi ya tatu ikanitajia malipo ambayo mshahara wangu usingeweza kuyabeba, na shule haina fungu hilo. Sitaitaja ofisi hiyo. Waliokaa kwenye viti vile ni watu wenye kazi nyingi, na siamini kuna aliyeamka asubuhi akakusudia kuninyima. Lakini niliondoka mikono mitupu, nikiwa Mtanzania ninayeomba kujua mvua iliyonyesha Tanzania.

Nasikitika kwa sababu najua vipimo vipo. Katika nchi hii mvua imepimwa tangu enzi za Mjerumani: kwenye misheni, kwenye mashamba ya mkonge, kwenye stesheni za reli. Kulikuwa na idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki yote mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walilichunguza bonde la Rufiji na maji yake miaka ya 1950. Kwa hiyo maji ya mto ambao mama yangu alioga akiwa mtoto yameandikwa mahali, kwa tarakimu, na mimi mwanawe na mwalimu wa somo hilo siwezi kuyasoma.

Naomba nikae kidogo Rufiji, mnisamehe, ndiko kwetu.

Mama alilelewa bondeni. Kwao mto kupanda lilikuwa jambo la kungojewa, kama mavuno. Shambani kulikuwa na dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mtu analala humo akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na maji yakija anabaki humo humo, mtumbwi umefungwa nguzoni. Maji yakishuka yaliacha tope jeusi lenye rutuba, na watu wakapanda mazao ya mlao, yanayokua kwa unyevu uliobaki ardhini bila kungoja mvua nyingine. Mwaka uliotisha ni ule ambao mto haukupanda, maana njaa ilifuata. Ilikuwepo pia miaka ambayo mto ulipitiliza. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni ikawapeleka kwenye miinuko, katika Operesheni Rufiji. Nyumba zikapanda juu, mashamba yakabaki chini, na kwa miaka mingi watu wakawa wanatembea mwendo mrefu kati ya mlo na kitanda. Taratibu wengine wakarudi.

Maji yale yale, kwa kina kile kile, huwa neema kwa mwenye dungu na mtumbwi, na huwa msiba kwa mwenye nyumba ya tofali, mifuko ya mbolea ya mkopo, na hana chombo cha kuvukia. Mwanafunzi akiniuliza kama mafuriko ya Rufiji yameongezeka, lazima kwanza nimuulize: mafuriko yapi, ya mto au ya watu?

Mwaka 2024 kulikuwa na jambo jipya mtoni, Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bondeni watu walisema maji yamefunguliwa juu yao. Upande wa Serikali ukasema bwawa limejaa, maji ya ziada lazima yapite, na kwamba bwawa ndilo lililopunguza ukali wa mafuriko. Mimi si mhandisi, na sina tarakimu za kuniwezesha kuhukumu kati ya ndugu zangu na Serikali yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Jambo ambalo lingemalizwa kwa jedwali la kurasa mbili, maji yaliyoingia bwawani kila siku, yaliyotoka, na kina cha mto kule chini, limebaki ubishi wa vijiweni ambao utarithiwa na watoto. Mdogo wangu alipoteza mahindi yote. Ananiambia angekubali hasara ile kwa moyo mwepesi zaidi kama mtu angemweleza wiki moja kabla kwamba maji yatafika wapi, na baadaye akaonyeshwa kwa nini yalifika pale.

Hapa Dar es Salaam hesabu ni rahisi zaidi, kwa kuwa sensa ziko wazi na namshukuru aliyeamua ziwe hivyo. Mkoa huu ulikuwa na watu wapatao 356,000 mwaka 1967. Mwaka 2002 walikuwa karibu milioni 2.5. Mwaka 2022, zaidi ya milioni 5.38. Mto Msimbazi hauna habari na sensa. Unateremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe kama ulivyoteremka siku zote, ila sasa kila bati, kila lami na kila ua uliosakafiwa vinausukumia maji ambayo zamani yangenywewa na ardhi. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulishalitaja bonde lile kuwa ni hatari kwa makazi. Baada ya mafuriko ya 2011 watu walipelekwa Mabwepande. Kisha karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa Jangwani, bondeni pale pale, na mabasi yakawa yanazama. Nikiwauliza wanafunzi wangu kama mvua ndiyo iliyoyazamisha yale mabasi, darasa zima hunyamaza kwanza, halafu mmoja hucheka, halafu hawacheki tena.

Ndiyo maana naomba, kwa heshima zote, tuache kutoa sababu za maafa kwenye uwanja wa msiba. Nimehudhuria vya kutosha kujua utaratibu: turubai limefungwa, majeneza yamepangwa, na kiongozi anasimama kusema ni mabadiliko ya tabianchi, au ni mipango ya Mungu, au ni wananchi wakaidi wanaojenga mabondeni na kukata miti. Inawezekana yote matatu yana ukweli ndani yake. Lakini yakisemwa siku ya pili baada ya tukio, bila kipimo, yanafunga mlango. Tabianchi ikishatajwa, hakuna anayeuliza kalavati lilizibuliwa lini. Ukaidi wa wananchi ukishatajwa, hakuna anayeuliza ni nani aliyewapa hati, akawaunganishia umeme na maji, akawatoza kodi ya jengo. Na Mungu akishatajwa, muulizaji anaonekana hana adabu.

Natambua yaliyofanyika vizuri, na nawafundisha wanafunzi wayatambue. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitabiri El Nino ya 2023 mapema. Hidaya kilipokuwa kinakuja, tahadhari zilitoka kila baada ya saa chache na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Waziri Mkuu alisimama bungeni Aprili 2024 akataja vifo 155 na watu zaidi ya 200,000 walioathirika. Na hesabu ile ya dunia niliyoitaja mwanzoni ina ukurasa wa pili ambao haunukuliwi sana: wakati maafa yaliyoorodheshwa yakiongezeka, vifo vilishuka, kutoka wastani wa zaidi ya watu 170 kwa siku miaka ya 1970 hadi karibu 40 kwa siku miaka ya 2010. Bangladesh, wakati huo ikiwa bado Pakistani ya Mashariki, ilipoteza watu wasiopungua 300,000 kwa kimbunga kimoja mwaka 1970. Ikaanzisha jeshi la wananchi wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti, ikajenga majengo ya kukimbilia, na vimbunga vikali vya miaka ya karibuni vimeua makumi. Afrika bado. Katika miaka ile 50 bara letu lilikuwa na asilimia 15 ya maafa ya hali ya hewa na asilimia 35 ya vifo, vingi mno vikiwa vya ukame, ambao huja polepole na huonekana miezi kabla haujaua.

Sasa ombi langu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kutoka taifa hadi kijiji na mtaa. Kamati ya mtaa haihitaji kompyuta ili kuanza. Inahitaji kaunta buku moja na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Kila tukio liandikwe, dogo kwa kubwa: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, waliodhurika, kilichopotea, na tahadhari ilifika lini na kwa njia gani, kama ilifika. Hata mwezi usio na tukio uandikwe kuwa hauna tukio. Bila hilo mtu hawezi kujua kama kulikuwa shwari au mwandishi alilala. Kila robo mwaka daftari lipande kwa mtendaji wa kata, halmashauri ijumlishe, na jumla hiyo iwekwe mahali ambapo mwalimu, mwandishi wa habari, mbunge na mama lishe wanaweza kuifungua bila kuandika barua kwa mtu. Wale 155 waliotajwa bungeni, mwanafunzi wangu aweze kuona wangapi ni wa bonde lipi, siku gani, na ni maji, ukuta au radi.

Takwimu za mvua na za kina cha mito zilizokwisha kukusanywa kwa fedha za umma ziachiliwe kwa shule na vyuo bila malipo, na makabrasha ya zamani yapigwe picha kabla mchwa hawajamaliza kazi yao. Na baada ya kila afa kubwa itolewe ripoti kwa Kiswahili, ndani ya mwaka mmoja, isomwe pale pale lilipotokea, mbele ya waliofiwa. Katesh wana haki ya kujua mlima wao ulifanya nini na kama unaweza kufanya tena. Mkiniambia gharama ni kubwa, nitaomba nionyeshwe na gharama ya kutojua, kwa maana kila mwaka tunajenga upya barabara ile ile, mahali pale pale, kwa kipenyo kile kile cha kalavati.

Sisi hatukusubiri. Tuna kipima mvua tulichotengeneza kwa chupa, faneli na rula, kimekaa uwanjani mbali na miti, na kinasomwa kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili ikiwemo, kwa zamu. Pembeni yake kuna daftari la matukio ya mitaa mitatu inayozunguka shule. Wanafunzi huyathibitisha kwa kwenda wenyewe kuangalia na kuongea na wenye nyumba. Kuna kurasa nazipita haraka kwa sababu majina yaliyomo ni ya watoto ninaowafahamu.

Yule binti amemaliza kidato cha nne. Zamu yake imechukuliwa na kijana wa kidato cha pili ambaye hachelewi. Daftari liko ofisi ya walimu, meza ya karibu na dirisha, na yeyote kati yenu akipenda kuja kulisoma atapewa kiti. Asubuhi ya leo kipima kilikuwa na milimita 14, na kalavati la nyuma ya soko bado limeziba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa jiografia,
Dar es Salaam